Lenzi na Nchi: Jinsi Picha za Kale Zilivyoitazama Usambara na Uzigua

Wanaoandika historia ya sehemu za Tanga wamezoea kutegemea ushahidi wa namna tatu: masimulizi ya wazee, vitabu vya wenyeji na vya wasafiri, na hati za serikali. Siku hizi umeongezeka ushahidi wa namna ya nne, nao ni picha za kamera. Zamani picha hizo zilifungiwa makabatini huko Ulaya, na mtafiti aliyekaa Dar es Salaam au Tanga hakuweza kuzifikia bila gharama kubwa. Sasa nyingi zaonekana na kila mtu. Chuo Kikuu cha Frankfurt kinahifadhi picha zaidi ya 50,000 zilizokusanywa na chama cha ukoloni cha Wajerumani. Nayo Hifadhi ya Nyaraka ya taifa la Ujerumani ilitoa hadharani karibu picha 100,000 kuanzia mwaka 2008, na kati ya hizo zimo za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyezaliwa mwaka 1882 na kufa mwaka 1961, ambaye aliishi katika koloni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki hata wakati wa vita vya 1914 hadi 1918.

Hii ni hazina ya kushukuriwa. Lakini shahidi hapokelewi bila kuhojiwa. Mzee akisimulia habari, mtafiti humwuliza alikuwa wapi siku ile, aliona kwa macho yake au alihadithiwa, na moyo wake ulikuwa upande gani. Hati ya serikali nayo huulizwa iliandikwa na nani na kwa haja gani. Picha ya nchi aghalabu hupita bila swali lolote, kana kwamba nchi imejichora yenyewe. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba picha ya nchi ina maswali yake ya lazima: mpiga picha alisimama wapi, na alichagua lenzi gani? Mfano wetu ni nchi mbili jirani, milima ya Usambara inayoonekana juu ya Korogwe, na nyika ya Uzigua upande wa Handeni, hasa nchi ya chini ya Kwamsisi. Nchi ya kwanza ililingana na lenzi za zamani, ya pili haikulingana nazo. Na tofauti hiyo, ambayo asili yake ni kioo na mahali pa kusimama, yaweza kudhaniwa kuwa ni tofauti ya watu na kazi zao.

Yafaa kwanza tutazame maneno, kwa kuwa maneno yenyewe yana historia. Neno mandhari tumelipata kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililozaa nadhari, yaani kutazama kwa kutafakari, na nadharia. Kwa shina hilo hilo Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyefanya kazi Misri, alikiita kitabu chake kikubwa cha elimu ya nuru, Kitab al-Manazir, alichokiandika mwanzoni mwa karne ya 11. Basi kwa asili yake mandhari si ardhi tu. Ni ardhi pamoja na jicho linaloitazama. Mahali pasipo mtazamaji pana udongo, miti na maji, lakini hapana mandhari.

Neno lenzi nalo lina ndugu asiyejulikana na wengi. Kwa Kilatini lens ni adesi, ile nafaka ya jamii ya kunde, na kioo kiliitwa hivyo kwa sababu umbo lake limevimba katikati pande zote mbili kama punje ya adesi. Waarabu walifanya vivyo hivyo: neno lao moja lataja adesi na lataja lenzi. Waswahili tulichukua adesi kwa Waarabu ili tuipike, kisha tukachukua lenzi kwa Waingereza ili tutazame, na watu wachache hutambua kwamba ni punje ile ile iliyokuja kwa njia mbili. Durubini ilifika mapema zaidi. Ni neno la Kiajemi lenye maana ya kuona mbali. Picha ni neno la Kiingereza, na limeingia mahali palipokuwa na sanamu na taswira. Tena tukasema kupiga picha, kwa kitenzi kile kile cha kupiga pasi na kupiga simu. Kitenzi hicho chaonyesha tendo la mara moja linaloanza na kwisha. Twahitaji kukumbuka kwamba kabla ya tendo hilo la mara moja kuna uchaguzi mrefu.

Sasa tueleze uchaguzi wenyewe. Lenzi hukusanya nuru. Umbali kutoka lenzi hadi mahali inapokutana nuru itokayo mbali huitwa urefu wa fokasi. Urefu huo ukiwa mkubwa, kitu huonekana kikubwa katika picha, lakini sehemu ya nchi inayoingia ni ndogo. Ukiwa mfupi, nchi kubwa huingia, lakini kila kitu huwa kidogo. Wapiga picha wa Kijerumani walizoea mabamba ya kioo ya sentimita 13 kwa 18. Bamba hilo likilazwa, lenzi ya sentimita 21 hupokea pembe ya digrii 46 hivi kutoka kushoto hadi kulia, nayo ndiyo iliyohesabiwa kuwa ya kawaida. Lenzi ya sentimita 12 hupokea digrii 74, nayo ni lenzi pana. Lenzi ya sentimita 60 hupokea digrii 17 tu, nayo ni lenzi ya mbali.

Hapa pana jambo linalokosewa mara nyingi. Watu husema kwamba lenzi ya mbali huusogeza mlima karibu na kijiji, na lenzi pana huusukuma nyuma. Kusema kweli, uwiano kati ya kitu cha karibu na kitu cha mbali hauamuliwi na lenzi, huamuliwa na miguu ya mpiga picha. Akisimama mahali pamoja na kubadilisha lenzi, mlima na nyumba hukua pamoja na hupungua pamoja. Akihama, uwiano wao hubadilika. Lenzi ya mbali yaonekana kusogeza mlima kwa sababu mwenye kuitumia hurudi nyuma, akaiacha nyumba ikapungua. Mwenye lenzi pana husogea mbele, nyumba ikakua na mlima ukabaki ulivyokuwa. Kwa hiyo uchaguzi wa lenzi na uchaguzi wa mahali ni jambo moja lenye pande mbili, na mwanahistoria akijua upande mmoja aweza kuutafuta wa pili.

Historia ya lenzi za nchi ni ya zamani kuliko picha zenyewe. Mwaka 1812 Mwingereza Wollaston alitengeneza kioo kimoja kilichobonyea upande mmoja, kwa ajili ya chumba cha giza walichotumia wachoraji. Daguerre alipotangaza ufundi wake huko Paris mwaka 1839, kamera yake ilikuwa na lenzi ya Chevalier ya jamii hiyo, yenye vioo viwili vilivyogandishwa. Mwaka uliofuata, 1840, Petzval wa Vienna alitoa lenzi yenye kupokea nuru nyingi kwa ajili ya sura za watu. Tangu hapo njia ziligawanyika. Wapiga sura walitaka wepesi, kwa kuwa mtu hachoki kutikisika. Wapiga nchi walitaka ukali wa picha kutoka ukingo hadi ukingo, na upole wa lenzi haukuwadhuru sana, kwa kuwa mlima hautikisiki. Lenzi sahili ya nchi ilikuwa na kasoro ya kupinda mistari iliyonyooka pembezoni. Kasoro hiyo yaudhi katika picha ya nyumba ya mawe ya Unguja. Katika picha ya vilima haionekani.

Mwaka 1866 Steinheil wa Ujerumani na Dallmeyer wa London, kila mmoja kwa upande wake, walitoa lenzi ya sehemu mbili zinazolingana, isiyopinda mistari. Lenzi ya jamii hiyo ilifaa kwa nchi, kwa majengo na kwa makundi ya watu, na msafiri aliyeweza kuchukua moja tu aliichukua hiyo. Katika miaka ya 1880 Abbe na Schott walipata huko Jena vioo vya namna mpya, na kwa vioo hivyo Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss alitoa mwaka 1890 lenzi iliyonyoosha picha nzima hata pembezoni. Mwaka 1891 Thomas Dallmeyer wa Uingereza, na Miethe na Steinheil wa Ujerumani, walitokeza karibu kwa wakati mmoja lenzi za mbali zisizohitaji sanduku refu mno. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ikatoa lenzi pana kupita kiasi, yenye pembe ya zaidi ya digrii 130. Hatimaye mwaka 1902 ikaja Tessar ya Zeiss, lenzi ndogo, kali na nyepesi, iliyoenea duniani kote.

Tuziweke tarehe hizi kando ya tarehe za nchi yetu. Burton na Speke walipopanda kutoka Pangani hadi Vuga kwa Kimweri mwanzoni mwa mwaka 1857, nchi ilifika kwa wasomaji wa Ulaya kwa maneno na kwa michoro. Grant, mwenzake Speke katika safari ya pili, alipiga picha Unguja mwaka 1860, lakini safarini alikomeshwa na joto la hema la giza, akashika kalamu ya mchoraji. Mwaka 1887 msafara wa Teleki na von Höhnel ulitoka Pangani ukafuata bonde la Ruvu kupitia Korogwe. Hans Meyer, baada ya safari yake ya mwaka huo huo huko Kilimanjaro, alitoa kitabu cha picha 40. Na mwaka 1888, alipokuwa Usambara pamoja na Oscar Baumann, safari yao ilivunjika kwa sababu ya vita vya Abushiri, wakatekwa. Baumann alirudi mwaka 1890 akapima nchi na kuchora ramani, na kitabu chake cha Usambara kilitoka mwaka 1891. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Mwaka ule ule wa 1902 kilianzishwa chuo cha utafiti wa kilimo na mimea huko Amani. Hivyo lenzi bora, reli na wataalamu vilifika chini ya milima ya Usambara kwa wakati mmoja.

Reli haikupita Handeni. Jambo hili lina uzito katika habari yetu, kwa sababu kamera ya mabamba ilikuwa mzigo wa watu kadhaa: sanduku, miguu mitatu, mabamba ya kioo yanayovunjika, na dawa. Mzigo huo hufuata gari moshi. Aliyeshuka Korogwe au Mombo aliinua macho akaona ukuta wa milima umesimama kiasi cha mita 1,000 juu ya bonde. Nyuma yake, ng'ambo ya mto, ilikuwako nchi ya Wazigua, pana, yenye vilima vya hapa na pale, ikiteremka polepole kuelekea bahari hadi sehemu za Kwamsisi. Aligeukia upande gani, hatuna haja ya kuuliza.

Walakini uvivu wa mpiga picha haumalizi maneno. Hata aliyependa kuipiga nyika alishindwa na hesabu ya nuru, nayo yafaa kufanywa hapa wazi. Tuchukue lenzi ya kawaida ya sentimita 21. Ukuta wa mlima wa mita 1,000 ukitazamwa kwa umbali wa kilomita 20 huwa na kimo cha milimita 10 na nusu katika bamba. Mtu wa mita 1.6 akisimama mita 30 mbele ya kamera huwa na milimita 11. Kwa hiyo mtu na mlima hulingana, na picha yapendeza: mlima nyuma, mtu mbele, reli katikati. Kwa lenzi ya sentimita 60 mlima huo hupata milimita 30, ukawa ukuta wa kutisha. Mpiga picha wa milima ana uhuru wa kuchagua.

Sasa tuteremke nyikani. Kichaka cha mita 3 kilichoko hatua kumi na mbili tu mbele ya kamera, yaani mita 10 hivi, hupata milimita 63, karibu nusu ya kimo cha bamba. Nyumba ya msonge ya mita 4 iliyoko nyuma yake kwa mita 300 hupata milimita 3 tu, na kichaka chaweza kuifunika yote. Lenzi pana haisaidii, maana hupunguza vyote viwili na kuongeza vichaka vingine kushoto na kulia. Lenzi ya mbali haisaidii, maana hukuza kile kile kichaka.

Habari ya mashamba ni nzito zaidi. Shamba la mlimani husimama mbele ya mtazamaji kama karatasi iliyobandikwa ukutani. Shamba lenye urefu wa mita 100 katika mteremko wa digrii 30 hupanda mita 50, na likitazamwa kutoka kilima cha pili kwa umbali wa kilomita nzima hupata zaidi ya milimita 10 katika bamba letu. Mtu aweza kuhesabu matuta. Shamba la nyikani hulala kama mkeka, na mpiga picha hulitazama kutoka kwenye ukingo wa mkeka. Shamba lile lile la mita 100, likianza mita 50 tu kutoka kwake, naye ameweka kamera mita moja na nusu juu ya ardhi, hupata milimita 4. Lililoko mbele zaidi huwa uzi. Basi jasho la mkulima wa mlimani laonekana kwa umbali wa kilomita, na jasho la mkulima wa nyikani halionekani hata kwa umbali wa kurusha jiwe.

Tena kuna hewa. Mabamba ya zamani yaliona rangi ya buluu kuliko rangi nyingine zote, na hewa yenye mvuke, vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa kiangazi hutawanya buluu kwa wingi. Kwa hiyo upeo wa macho wa nyika ulitoka mweupe mtupu. Vogel wa Berlin aligundua mwaka 1873 njia ya kutia rangi katika dawa ya bamba ili liione kijani na manjano, na mabamba ya namna hiyo, pamoja na kioo cha manjano mbele ya lenzi, yaliweza kupasua utando huo kwa kiasi. Lakini yalitaka subira, na nuru ndefu zaidi. Milima ilistahimili weupe huo, kwa kuwa ukingo wake dhidi ya mbingu hubaki. Nyika haina ukingo wa kubaki.

Matokeo ya mambo haya ni kwamba msomaji wa picha hizo huona milima iliyojaa kazi, kisha huona nyika iliyojaa miti midogo, nyasi na mbingu. Ni rahisi kusema: huku palikuwa na watu, kule palikuwa na pori. Usemi huo si wa bure. Nchi inayodhaniwa kuwa ni pori tangu mwanzo yaweza kugawiwa mgeni, yaweza kufungwa kuwa hifadhi, na watu wake waweza kuhamishwa, bila mtu yeyote kuhisi kwamba ameondoa kitu. Katika mashauri ya ardhi picha ya kale huaminiwa upesi kuliko mzee, kwa sababu yadhaniwa kwamba haina upande.

Utafiti wa historia umesema vingine. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu Uzigua kati ya 1840 na 1940, ameeleza jinsi Wazigua wa karne ya 19 walivyolitawala pori kwa kulima, kwa kuchoma na kwa kufuga, hata wakaweza kuishi na ng'ombe katika nchi yenye mbung'o. Sotoka ya miaka ya 1890, nzige na njaa ya miaka ya 1894 hadi 1896, pamoja na mzigo wa utawala mpya, vilivunja utaratibu huo. Makonde yakaachwa, vichaka vikarudi, na mbung'o wakarudi pamoja navyo. Tuangalie miaka hiyo. Ndiyo miaka ambayo kamera ilikuwa ikianza kufika kwa wingi. Kwa hiyo hata pale ambapo lenzi ya Mjerumani ilipiga nyika kwa uaminifu, ilipiga nchi iliyokuwa imeumwa karibuni, na bamba halina mahali pa kuandika kwamba huyu ni mgonjwa wa jana. Hapo makosa mawili hushikana mikono: lenzi huficha mashamba yaliyopo, na tarehe huficha yale yaliyokuwapo.

Mwenyeji aliitazama nchi yake kwa njia nyingine. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichochapwa kwa Kiswahili na Wamisionari wa Magila kati ya miaka ya 1890 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na kutolewa tena kwa uhariri wa J. W. T. Allen katika miaka ya 1960, Mbega atoka Ngulu, apita Kilindi, afika Usambara. Nchi huja kwa msomaji kwa njia ya mguu: kijiji baada ya kijiji, mwenyeji baada ya mwenyeji. Majina ya mahali hushuhudia vivyo hivyo. Uzigua imejaa majina yanayoanza na kwa- au kwe-: Kwediboma, Kwamkono, Kwamatuku, Kwamsisi. Umbo hilo la lugha lina maana ya mahali pa fulani, na halimwambii mtu nchi yafananaje akiwa mbali. Lamwambia amefika kwa nani au penye nini. Ni utazamaji wa karibu, wa mtu aliye ndani. Picha ya mandhari ni utazamaji wa aliye nje. Mtafiti wa lugha mwenye orodha ya majina ya namna hii ana ushahidi wa makao ambao bamba la kioo halikuweza kuupata, na yafaa auweke mezani kando ya picha.

Je, picha za baadaye zimeondoa upungufu huo? Kwa sehemu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, idara ya upimaji wa makoloni ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilianza kupigisha picha kutoka ndegeni kwa ajili ya ramani. Lenzi ikielekezwa chini moja kwa moja, mkeka waonekana wote: makonde, mashamba yaliyopumzishwa, njia na visima. Lakini lenzi ya ndegeni nayo ina upofu wake. Haioni sura, na haioni kilichomo chini ya mti mkubwa. Kisha katika miaka ya 1970 nchi ilibadilishwa na mpango wa vijiji, watu waliokaa kwa kutawanyika wakakusanywa. Kwamsisi katika miaka hiyo kilijulikana na walimu kwa ajili ya shule yake ya majaribio iliyounganishwa na maisha ya kijiji, ikishirikiana na Chuo cha Ualimu cha Korogwe. Anayetaka kujua makao yalikuwaje kabla ya kukusanywa hana budi kuunganisha picha ya ndegeni, majina, na maneno ya wazee. Hakuna hata kimoja kitoshacho peke yake.

Kazi moja yaweza kufanywa leo kwa gharama ndogo, nayo ni kurudia picha za kale: kutafuta mahali pale pale alipokanyaga mpiga picha wa kwanza na kupiga tena. Ufundi wake wategemea kanuni tuliyoieleza. Mtafiti alinganishe kwanza vitu viwili, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, kwa mfano jabali na kilele, mpaka vikae katika picha kama vilivyokaa zamani. Hapo miguu yake imefika. Lenzi huja baadaye, na kazi yake ni kuingiza kiasi kile kile cha nchi. Akianza kwa lenzi na kuacha miguu, atapata picha inayofanana na ya kale, lakini vipimo vyake vitakuwa vya uongo, na msitu utaonekana umekua au umepungua bila kisa.

Kwa nyika ya Kwamsisi na mfano wake shauri letu ni la namna nyingine, kwa kuwa huko kinachohitajika ni kuanzisha ushahidi mpya. Kwanza apande. Tumeona kwamba shamba la mita 100 lilipata milimita 4. Mpiga picha akipanda kichuguu cha mita 3, kamera yake ikawa mita 4 na nusu juu ya ardhi, shamba lile lapata milimita karibu 13, mara tatu ya kwanza, bila kubadilisha lenzi. Pili, atumie lenzi ya kawaida wala asiwe na pupa ya lenzi pana. Lenzi pana hupendeza kwa mbingu kubwa na ardhi inayokimbia, na kwa kupendeza huko hurudisha ule uongo wa utupu. Tatu, apige picha kadhaa zinazofuatana kwa kugeuza kamera mahali pamoja, ili mtu aone kilichoko kushoto na kulia. Nne, achague majira. Mara baada ya mvua hewa husafika na mashamba hutofautiana na pori. Mwisho wa kiangazi vyote huwa rangi moja. Mwisho aandike: siku, saa, mahali, upande aliouelekea, kimo cha kamera, na urefu wa fokasi. Maneno hayo machache ndiyo yatakayoifanya picha kuwa shahidi anayeweza kuhojiwa miaka mia ijayo.

Na kwa picha za kale ambazo hazikuandikwa chochote, mwanahistoria ana maswali matatu ya kuuliza kabla hajaamini. Mpiga picha alisimama wapi, na kwa nini aliweza kufika hapo? Lenzi yake iliingiza nini, na ni kitu gani ambacho isingeweza kukionyesha hata kama kilikuwapo? Nchi hiyo ilikuwa katika hali gani mwaka ule, ya afya au ya ugonjwa? Akiyauliza haya atagundua mara nyingi kwamba weupe ule mtupu nyuma ya vichaka vya Uzigua ni mahali pa kuanzia utafiti. Pale kwenye weupe ndipo alipokuwa mtu analima.